Kistari Mahali pa Jina la Mama

Ti. Ti. Ti.

Ndivyo alfajiri ilivyoanza nyumbani kwake, wasikilizaji wapendwa. Taa haijawashwa, kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidole cha mshonaji, inagonga ubao wa kitanda. Fundi cherehani tunayemkumbuka leo hakuivua hata akilala. Akigonga hivyo, mjukuu wake wa miaka tisa anajua: leo hakuna shule, leo ni siku ya madaftari ya serikali. Macho ya bibi yalikwisha kwa kutunga uzi. Macho ya kusomea yalikuwa ya mtoto.

Fundi alikuwa akimtafuta mama yake. Nasema tena: alikuwa na miaka sabini na moja, na alikuwa akimtafuta mama yake.

Alipokuwa na miaka minne aliamka, mama hayupo. Baba akasema, "Amefuata mwanamume. Asitajwe humu ndani." Hakutajwa. Watoto wa jirani wakamwimbia njiani, "Mwana wa nyoka ni nyoka!" Siku alipoolewa, karani akauliza jina la mama wa bibi harusi. "Chora kistari," akajibu mwenyewe. Kikachorwa.

Uzeeni akataka jambo moja tu kabla hajafa: amkute yule mwanamke, hata kaburini, amwulize, "Nilikukosea nini?"

Wakaanzia ofisi ya kumbukumbu. Chumba cha chini, karatasi zenye unyevu, benchi lenye mguu mmoja mfupi. Wakaipata ndoa ya wazazi wake. Bibi harusi: miaka kumi na sita. Chini yake, alama ya dole gumba.

"Dogo kama langu," mtoto akasema.

Kisha wakatafuta ndoa ya pili ya mama huyo. Aliyefuata mwanamume si ataolewa? Mwaka baada ya mwaka, daftari baada ya daftari, jina lake halimo. Miezi kadhaa ikapita. Mtunza kumbukumbu, waliyemwita Mzee Makabati, akamwonea huruma.

"Mama, ndoa zote umezimaliza. Imebaki yangu, nayo ilivunjika. Hebu tufungue kabati la vifo."

"Yule? Yule hafi leo wala kesho. Watoro wana roho ya paka."

"Basi nifurahishe mimi tu."

Mtoto ndiye aliyeona. Jina lile lile la kwenye daftari la ndoa. Jina la mume lile lile. Tarehe: wiki ile ile aliyoambiwa mama katoroka. Sababu ya kifo: uzazi. Mtoa taarifa: mume.

"Soma tena," bibi akasema.

Akasoma.

"Tena."

Mara ya tatu kastabini ikaanza kugonga meza.

Akaenda kwa shangazi yake, dada wa baba, mtu pekee wa siku zile aliyebaki hai. Shangazi hakukana.

"Tulijua, mwanangu. Alikaa na uchungu siku mbili, kaka hakutaka kumpeleka hospitali. Kaka alipozinduka, mkewe amekwisha kukata roho. Kaka akachukua kibali cha kuzika mjini, tukamzika usiku na kichanga chake, akatuapisha tusiseme. Aliyetoroka, watu hawaulizi amekufaje."

"Na mimi je, shangazi?"

"Wewe ulikuwa mdogo. Tulidhani utasahau."

Hakusahau. Alimchukia marehemu kwa miaka sitini na saba. Nakala ya ukurasa ule akaiweka kwenye droo ya cherehani, juu ya vifungo. Wiki tatu baadaye alfajiri ikafika kimya. Kastabini haikugonga.

Kwa mwanawe, kwa mkwewe, kwa mjukuu: poleni sana. Hatuna maneno ya kuifuta miaka ile. Na wewe unayetusikiliza huku unamenya kitunguu au unambembeleza mtoto, jiulize: kwenu ni nani asiyetajwa? Nenda ukaulize. Fungua na lile daftari usilotaka kulifungua, maadamu aliyebaki na jibu bado anapumua.

Juzi mwanawe alikwenda kuandikisha kifo cha fundi, na mtoto akafuatana naye. Karani hakuinua uso.

"Jina la mama wa marehemu?"

Mwana akajibu kwa mazoea ya nyumba ile, "Weka kistari tu."

Kalamu ikagusa karatasi. Mtoto akatoa nakala iliyokunjwa mara nne, akaisukuma mezani kwa kidole kilichovaa kastabini inayompwaya.

"Bibi alikuwa na mama," akasema.