Nasambu, Aliyeomba Macho Yakiwa Wazi

Mimi ni kukhu yake, bibi mzaa mama. Kalamu siijui, nimesema, binamu yake Lusweti akaandika, na ndiye anayewasomea.

Risper Nasambu alizaliwa tarehe 14 Machi 1996, hapa Lumakanda. Mama yake alifariki mapema, nikamlea. Kutembea alichelewa, kucheka aliwahi.

Shuleni walimwita mwenye kiburi. Sauti ya mwalimu alikuwa anaisikia, ila maneno yalimchanganyikia. Kanisani aliomba macho wazi. Mzee wa kanisa akamkemea, "Unachungulia nini?" Akajibu, "Na wewe mzee, umenionaje?"

Mwaka 2016 alijiunga na chuo cha Sigalagala, akasomea ushonaji. Sare za kwaya mnazoziona hapa ni mkono wake. Mwaka 2019 aliolewa na Protus Sifuna, wakajaliwa binti, Abigail.

Mwaka 2023 miguu ilizidi kulegea. Hospitalini Kakamega alivalishwa vidude masikioni, abonyeze kitufe akisikia mlio. Milio aliipata, maneno yakamponyoka. Kisha akasimamishwa juu ya sponji. "Fumba macho." Akaanguka kama gunia, wakamdaka. Mpimaji akasema mishipa ya fahamu inaugua, na ugonjwa huo hurithiwa. Akanigeukia mimi niliyemsindikiza nikichechemea: "Kukhu, na huo mguu wako?"

Nikampa hadithi yangu ya siku zote: nyati wa msitu wa Isecheno alinikanyaga, nami nikamkanyaga, na mpaka leo anachechemea kuliko mimi. Walicheka wote. Nasambu alicheka hadi machozi.

Hakuna nyati. Miguu hii nilizaliwa nayo, kama mama yangu. Tangu usichana naoganga nimeketi, kwa sababu nikifumba macho naanguka. Niliona aibu. Mpimaji alimwonya Nasambu kuhusu giza. Kuhusu sabuni hakuna aliyewaza, na mimi niliyejua nilinyamaza.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alikuwa anaoga amesimama, sabuni usoni. Alianguka, kichwa kikagonga jiwe. Hatukufika naye hospitalini.

Ameacha mume wake Protus, Abigail wa miaka mitano, binamu zake, na mimi niliyepaswa kutangulia. Abigail ameanza kujikwaa. Protus, baba, mpeleke apimwe. Twende pamoja, wanipandishe mimi kwanza kwenye hiyo sponji, niwaambie ukweli.

Sasa tunapomwombea, nawasihi, msifumbe macho.

Pumzika kwa amani, Nasambu wangu. Hapo ulipolala huanguki tena.