Mwalimu Sabuni na Barua Moja ya Watu Thelathini na Mmoja

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wote, tunawaomba mtulie mahali mlipo, maana historia hii si ndefu lakini haikulainishwa, marehemu mwenyewe alimwagiza mdogo wake wa kike aiandike kama mambo yalivyokuwa, akaisikiliza aya kwa aya akiwa kitandani, na kila alipokutana na sifa asiyoitambua aliamuru ifutwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi breki na mama mshonaji, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kinyaa, hakunywa kwenye kikombe kilichoguswa na mdomo wa mwingine, hakukalia kiti kabla ya kukifuta, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu ataolewa na ndoo ya maji.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1978, kisha akaingia chuo cha ualimu alikohitimu tarehe 5 Desemba 1980, na huko chuoni ndiko alikopachikwa jina la Sabuni, kwa kuwa hakufungua kitabu kabla ya kunawa mikono, na aliyeazima kitabu chake alitakiwa kunawa mbele yake. Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na karani wa bohari, mtu mpole aliyekubali kuvua viatu mlangoni tangu siku ya kwanza, wakajaliwa watoto wawili, wa kike ambaye ni nesi na wa kiume ambaye ni dereva wa lori, na karani wetu alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Mei 2009.

Baada ya kufundisha watoto kwa miaka kumi na minane, marehemu alihamishiwa kituo cha elimu ya watu wazima tarehe 11 Januari 1999, kuwaandaa watu wenye kazi na familia zao kwa mtihani wa kulinganisha, ule unaompa mtu mzima cheti kinachohesabiwa sawa na cha sekondari. Hapa ndipo mkuu wa kituo, aliyeketi safu ya mbele, alipotuomba turuke alipokuja nyumbani juzi, tutaje tu ile ngao ya mwalimu bora ya mwaka 2012 tusonge mbele, familia ilimkaribisha chai, ikamsikiliza mpaka akamaliza, na haikukubaliana naye.

Kituo kile kilipimwa kwa asilimia ya waliofaulu, asilimia zilizopakwa rangi ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la kituo chenyewe, na vitabu vya kusoma, maboksi kumi na saba, vilifungiwa stoo ili mkaguzi akija avikute vipya. Wanafunzi waligawiwa vijikaratasi vya majibu, vilivyopita mikono mingi hadi vikawa na mafuta na weusi wa vidole, vikatolewa kwenye soksi na kwenye sidiria vikiwa na jasho, na watu wazima wenye akili zao wakavikariri usiku na mchana bila kujua vinasema nini, na marehemu, mtu aliyeshindwa kushika kikombe cha dada yake, alivigawa vile vijikaratasi kwa mkono wake mwenyewe kwa miaka kumi na saba. Inachefua kuyasoma haya mbele ya jeneza, lakini ndivyo alivyotaka.

Mwezi Oktoba 2016 aliandika ubaoni barua moja ya kuomba kazi ya ukarani, akawaagiza wanafunzi wake thelathini na mmoja waimeze neno kwa neno, na mtihani ulipofika Novemba ukataka kitu kingine kabisa, barua ya kumwomba mwajiri ruhusa ya kwenda kuuguza mgonjwa. Hakuna aliyelisoma swali, kwa sababu hakuna aliyefundishwa kusoma swali, wote thelathini na mmoja waliomba ukarani, na bibi mmoja mwenye wajukuu tisa alimjulisha msahihishaji kwamba ana umri wa miaka ishirini na minne, hajaoa, na ni mlinda mlango hodari wa timu ya mtaa. Anayetaka kucheka acheke, bibi mwenyewe yupo hapa na amekwisha kucheka, lakini marehemu hakucheka.

Tarehe 6 Februari 2017 ililetwa barua ya kufuta matokeo yote kwa udanganyifu, na mkuu wa kituo akaelekeza wanafunzi waambiwe kwamba karatasi zao zilipotea njiani, marehemu akakataa, akaomba ufunguo wa stoo, na alipofungua alikutana na uvundo wa mkojo wa panya, vitabu vimetafunwa vikawa viota, na vichanga vya panya vikitambaa juu ya kurasa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma. Alitoka akatapika ukutani, chini ya zile asilimia, na jioni hiyo alimwambia mdogo wake kwamba hakutapishwa na panya.

Kuanzia hapo alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasomea wanafunzi ile barua ya kufutiwa matokeo na kuwaomba radhi, akavifuta kwa kitambaa chenye sabuni vitabu vilivyosalimika, akavianika, na akaweka utaratibu kwamba nusu saa ya kwanza ya darasa kila mtu asome anachotaka, asiulizwe swali, asipewe alama, na asiyetaka kitabu alete kitu chake cha kusoma kutoka nyumbani, karatasi ya dawa, barua ya mwanawe, mkataba wa nyumba. Walirudi kumi na wawili, wakizira na kununa, hadi mlinzi mmoja alipoleta mkataba wake wa kazi na kukuta kwamba kwa miaka sita alikuwa na haki ya likizo ambayo hakuna aliyemwambia, na wiki iliyofuata darasa zima lilikuja na mikataba. Mwezi Novemba 2018 walifanya mtihani upya watu ishirini, maana wanane wengine walikuwa wamerudi, wakafaulu kumi na wanne, idadi ambayo mkuu wa kituo hakuipaka ukutani.

Mmoja wa waliokataa kurudi ni fundi viatu wa pale mkabala na kituo, ambaye siku ya kuombwa radhi alimjibu hivi: "Mwalimu, mimi sikuja kwako kutafuta majibu. Nilikuja nijue kusoma, majibu uliniletea wewe." Tangu siku hiyo kila Jumamosi marehemu alikwenda kibandani kwake na viatu vya kushona, vyake vilipokwisha akachukua vya majirani, akaketi juu ya kigoda katikati ya soksi na soli zinazonuka, akamsomea kwa sauti huku nyundo ikigonga, na akiondoka anamwachia kitabu mezani. Fundi hakuwahi kumsomea hata mstari mmoja, wala kusema kama anasoma akiwa peke yake, ila Jumamosi moja marehemu alikuta ukurasa wa arobaini una alama ya kidole yenye rangi ya viatu, na yeye, Sabuni, hakuifuta.

Januari 2019 alianza kupungua mwili, vipimo vya tarehe 12 Februari vikaonyesha saratani ya kongosho, akalazwa mara tatu, na wiki ya mwisho alimwita fundi viatu, akamkabidhi karatasi za historia hii na kumwomba aisome siku ya mazishi, fundi akazikunja, akazitia mfukoni na kuondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Marehemu alifariki tarehe 22 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, bila kujua jibu lake, na yaliyotokea baada ya fundi kupewa karatasi, pamoja na ujio wa mkuu wa kituo, yameongezwa na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi namba sita, majirani waliochota maji na kulala nasi sebuleni, walimu wenzake, wanafunzi wake waliochimba kaburi, na mkuu wa kituo kwa turubai na viti, ambavyo vitarudishwa kesho vikiwa vimefutwa.

Mnayemsikia tangu mwanzo ndiye huyo fundi viatu, na kwa kuwa marehemu alijua mtu anaweza kukariri lolote akipewa siku tano, aliagiza aya hii iwekwe ndani ya bahasha, fundi aifungue akiwa amesimama hapa, mbele yenu, na haijawahi kupita machoni pake hadi sasa anapoisoma. Mwalimu, umesomewa, pumzika.