Zile Volti Tisa Zinakwenda Wapi?

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha Mama Pindo, fundi cherehani, na kahawa yetu huchemka kwenye jiko lake, jambo linalotupa haki ya kumshauri bila kuombwa. Wiki hii ushauri ulihusu taa. Macho yake yamechoka, na suti aliyonayo mkononi ni nyeusi, uzi mweusi. Asipoiona sindano ataacha suti, abaki na mapazia. Basi alinunua taa tano za LED, zile ndogo nyeupe zenye miguu miwili, azifunge juu ya sindano, ziwashwe na betri ya pikipiki.

Mbili ziliunguzwa na Kilowati, aliyewahi kumshikia ngazi fundi umeme na tangu hapo anajiona yeye ndiye aliyepanda. Aliziunga moja kwa moja kwenye betri, kisha akadai kuwa taa ngeni sharti zizoeshwe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alituelimisha.

— Mgeni kafia mlangoni, Mama Pindo akamjibu.

Mzee Mstaafu, aliyezeekea nyuma ya dirisha la ofisi, alisema kilichokosekana ni rizista, kile kidude chenye mistari ya rangi kinachobana umeme.

— Umeme ni kama wananchi. Wakiingia wote kwa mpigo, ofisi inaungua. Lazima pawe na bawabu.

Alikuwa sahihi, nasi tukashtuka. Kisha akachagua bawabu mwenye cheo kikubwa kuliko wote, omu laki moja kwa kipimo cha ubanaji, na taa ya tatu ikatoa mwanga wa karani aliyeamshwa baada ya chakula.

— Angalau haijaungua, mzee alijitetea.

— Wala haifanyi kazi. Ndiyo ofisi yenyewe hiyo, mzee wangu, Mama Pindo alisema.

Hapo akaingia bwana harusi, mwenye ile suti nyeusi, kuja kupimwa bega. Alisoma pakiti ya taa, akatazama betri.

— Samahani, wazee. Betri ina volti kumi na mbili, taa inataka tatu. Zile tisa zinakwenda wapi?

Kilowati alisema zinarudi kwenye betri kupumzika. Mzee alisema zinapelekwa masjala.

— Zingekuwa zinarudi, betri ingeisha vipi? bwana harusi akauliza.

Mama Pindo akaweka mkasi chini.

— Tisa hizo ndizo zilizoua taa zangu. Hazikuwa na wa kuzila. Nina taa tatu; ziungeni mfululizo, kila moja ile tatu zake.

Kilowati akaunga mguu mfupi wa hii na mguu mrefu wa ile. Zikabaki volti tatu za kumwachia rizista. Mzee, ambaye kugawa anajua, akazigawa kwa mkondo wa umeme ulioandikwa kwenye pakiti, ampea 0.02, akapata omu mia na hamsini, na rizista ya kiasi hicho ikafungwa.

Taa ziliwaka zote, nyeupe, bila kelele. Mama Pindo akainama, akapitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, na mshono ukaenda umenyooka mpaka mwisho wa kola.

— Kesho njoo uijaribu, baba, alimwambia bwana harusi. Na ukiwa na swali jingine, uje mapema, kabla hawa hawajapata majibu.