Viti Vitupu Mezani pa Bwana

Pieternel alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili kwenye basi la kutoka mji wa Goes. Mmoja alimjua: Bi Neeltje wa kanisani kwao, mjane wa miaka sabini na kitu. Mwingine alikuwa Mkatoliki kutoka ng'ambo ya mto, amekwisha kujitambulisha kuwa ni Godelieve na tayari anamumunya peremende ya mwenzake.

"Kesho kwetu ni meza ya Bwana," alisema Bi Neeltje. "Kitambaa cheupe, mkate, divai. Kanisa linajaa, lakini wanaothubutu kukaa mezani, wenye hakika kwamba Mungu amewaita, ni wachache."

"Na wengine?"

"Tunatazama. Mimi natazama tangu utotoni."

"Lakini dada, si Yesu kasema njooni kwangu nyote?"

"Nyote mliolemewa na mizigo. Mchungaji wetu anasema ni ule mzigo anaoutia Mungu mwenyewe moyoni. Sijui kama wangu ndio huo."

"Umezika mume, magoti yamekwisha, na bado unaupima mzigo? Sisi tukisikia 'nyote' tunapanga foleni."

"Nyinyi mna haraka," alisema Bi Neeltje, na wote wawili wakacheka kidogo. Pieternel hakucheka. Mama yake alikufa akitazama tu, hajawahi kukaa kwenye meza hiyo.

Basi likasimama. Bi Neeltje akashuka ngazi moja, akageuka, dereva akimsubiri.

"Una ladha gani, huo mkate?"

"Wetu? Hauna ladha, dada. Kama karatasi."

"Hata hivyo," alisema Bi Neeltje, "ningependa kujua."