Kibati Kilichobaki Upande wa Maji

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, uliyeacha mapumziko yako ya Jumamosi ukaja kukaa nasi hapa Juba, kando ya mto; Mchungaji Ronald, mlezi wa kambi; Bwana Makuei, mwenyekiti wa wazazi, pamoja na kamati yako; akina baba na akina mama mliotoka Hai Jalaba, Hai Mauna na hata Lemon Gaba kwa vumbi lile tunalolijua sote; Mama Amer wa jikoni; Bwana Igga wa mitumbwi; na ninyi wanangu thelathini na wawili wa kambi hii ya michezo ya majini: salaam takum, na hamjambo?

Mimi ni Mwalimu Magdaline, niliyepewa usalama wa majini kwa siku hizi kumi na mbili. Nina karatasi hapa niliyoandikiwa niisome. Inasema kambi imekwisha bila ajali, na kwamba baada ya maneno yangu Mheshimiwa atanikabidhi cheti kwa sababu hiyo. Nimeisoma jana, nimeisoma tena leo asubuhi, na kila nikifika penye neno "bila ajali" ulimi unakataa. Mchungaji ananitazama. Mchungaji, nisamehe, ulinisihi tusiwatishe wazazi. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nina jambo la kuzaa hapa mbele za watu.

Ndugu wazazi, miaka minne tangu amani itiwe sahihi, ni nani angedhani tungewaona watoto waliozaliwa ukimbizini wakipiga kasia kwenye maji ya nyumbani kwao? Mmewaona asubuhi hii. Mmemwona Tut, aliyekuja akiogopa hata beseni, akiogelea kutoka nguzo hadi nguzo. Maji haya yaliyotulia nyuma ya kisiwa watoto wameyaita ziwa, na wavuvi wametufungia wavu pale maji yanapoingilia ili mamba wabaki mtoni kwao. Yote yalikuwa mazuri. Na zuri kuliko yote, kwa macho yangu mimi, lilikuwa ubao huu uliosimama hapa kando yangu.

Utazameni. Safu ya juu ni ya buluu, imeandikwa Majini. Ya chini ni nyekundu, imeandikwa Nchi Kavu. Kila mtoto ana kibati chake chenye jina lake. Ukiingia majini unakitundika juu, ukitoka unakishusha chini. Nilijivunia ubao huu, wazazi, msiniulize kiasi gani. Nilimwambia Mchungaji kwamba kwa ubao huu hata kipofu angejua nani yuko wapi.

Jumatano iliyopita, saa saba mchana, nilipuliza filimbi. Watoto wakatoka mbio, njaa imewashika, Mama Amer amekwisha kupakua. Nilipoutazama ubao, safu nyekundu ilikuwa imejaa vibati, vimenyooka, nami sikuvihesabu. Nikaandika kitabuni: "Wote wametoka salama." Nikatia sahihi. Kisha nikaketi, nikanywa chai, na mgongo wangu nikayapa maji.

Nilikunywa chai! Nikaongeza na sukari!

Kwa sababu Rita, binti wa Bwana Douglas, mpishi wetu wa hoteli mnayemjua, alikuwa bado majini. Alikuwa amefuata kasia lililochukuliwa na upepo, mtumbwi wake ukapinduka nyuma ya matete, na mkanda wa jaketi lake la kuokolea ukanaswa kwenye mzizi. Nilikuwa na filimbi, darubini, kitabu na ubao. Ni kipi kati ya hivyo kilichoniambia?

Aliyeniambia ni Mama Amer. Mama Amer hakusoma, na mwenyewe hulitangaza hilo bila haya. Lakini anajua kwamba Rita hali bamia, na kila siku humwekea sahani yake peke yake, isiyo na bamia. Alinijia ameishika ile sahani mikononi, imefunikwa, bado ya moto.

"Mwalimu," akasema, "Rita mafi."

Nikamjibu, na Mungu anisamehe, "Mama, Rita yupo. Tazama ubao."

"Mimi sili na ubao. Hii sahani haina mtu. Rita mafi! Hayupo!"

Bwana Igga hakungoja tumalize kubishana. Alishika kamba ya mtumbwi akaniita, "Madam, mimi iko tayari, wewe ingia!" Nikaingia na kikombe mkononi. Tulimkuta dakika ya ishirini na tano tangu filimbi, nilihesabu baadaye, amekumbatia mzizi, midomo imekauka, maji yanamgonga kidevuni. Hakuwa analia. Alinitazama akasema, "Nilisikia filimbi. Nikajua mtatuhesabu."

Wazazi wangu, nimefundisha michezo miaka kumi na minne, kwetu Homa Bay na hapa, na sijawahi kusikia neno lililonipiga namna ile. Alitulia kwa sababu aliniamini. Na mimi nilikuwa naamini vibati.

Sasa, ni nani aliyekishusha kibati cha Rita? Najua mmekwisha kuambiana. Habari Juba haihitaji simu. Ni Nyachuol, mwenye miaka kumi na miwili, anayekaa Hai Mauna na mjomba wake, Bwana Ruach, ambaye namwona amesimama kule langoni kana kwamba hakualikwa. Mmeambiwa kwamba wasichana hao waligombana juu ya kasia, na kwamba Nyachuol alifanya kusudi. Na jana jioni kamati ilikata shauri kwamba asipewe tuzo leo, wala asirudi kambi ijayo.

Je, kuna aliyemuuliza? Mimi nilimuuliza. Alinijibu hivi, na nitayasema kama alivyoyasema:

"Madam, kule kambi ya wakimbizi Kakuma siku ya mgao wa chakula, mtu mmoja ndiye alikuwa anashika kadi za nyumba yote. Wengine wanakaa kivulini. Nilikuwa nasimamia watu tisa. Hapa niliona laini ya kungoja ubao ni ndefu na watoto wana njaa, nikawafanyia wote. Nimekuwa nikiwafanyia tangu siku ya pili."

Tangu siku ya pili! Mmesikia? Siku nane nimeutazama ubao huu, nikaona mkono wa mtoto mmoja mwenye adabu, nikauita usalama. Mtoto alifanya wema aliolelewa nao, wema uliolisha nyumba nzima. Nilimfundisha kupiga kasia na kuelea chali. Sikumfundisha kwa nini kila mtu lazima akishushe chake mwenyewe. Nilidhani jambo hilo ni wazi. Kwangu lilikuwa wazi. Kwake, kushusha chako tu na kuwaacha wenzako ilikuwa uchoyo.

Watu wananipoza kwamba ajali haina kinga. Hapana. Hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ni mimi, nami nilikuwa nakunywa chai. Bwana Douglas, wewe ni baba, hasira yako ni haki yako. Lakini ielekeze hapa nilipo. Bwana Makuei, naiomba kamati yako, mbele ya watu hawa wote, ifute shauri la jana. Na Mheshimiwa, kile cheti naomba ukiandike jina la Mama Amer. Mimi sikipokei.

Nimebakiza jambo moja. Utazameni tena ubao. Vibati thelathini na kimoja viko chini. Kimoja kimebaki juu, kwenye buluu, tangu Jumatano. Ni cha Nyachuol mwenyewe. Aliwashusha wenzake wote, chake akakisahau, na yale yalipotokea hakuthubutu tena kuugusa ubao. Kila asubuhi nimekiona pale, na kila asubuhi mkono umeniwasha nikishushe. Sikukishusha. Nimejifunza, ingawa kwa kuchelewa.

Nyachuol, mwanangu, simama. Usiwaogope, ni wazazi tu. Bwana Ruach, sogea mbele umwone mtoto wako. Wewe pia bado uko majini, Nyachuol, na sisi tulishakwenda kula tukakuacha. Njoo utoke.

Naona Rita amesimama kabla yako. Haya, Rita, mshike mkono umlete. Hapo, taratibu, mpite Mheshimiwa. La, la, Rita, usimshushie! Mshike mkono tu. Amshushie nani? Mwenyewe.

Mheshimiwa, wazazi, mmenipa masikio yenu kwa subira, nami nawashukuru. Makofi ngojeni kwanza. Tunyamaze, tumtazame mpaka atoke.