Kwaya Iliyoifuta Fa

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, kahawa ya dukani kwa Gahongayire ilikuwa ya moto, lakini Mzee Eustache, kwenye benchi la mbele ya duka hilo mtaani Kagarama, alikuwa amechemka kuishinda. Aliiongoza kwaya ya parokia tangu mwaka 1996 hadi Pasaka ya mwaka huu, msaidizi wake Armel alipoleta kitabu kinachodai kwamba noti ya fa huvuta misiba. Fa ikafutwa katika nyimbo zote. Ilipopaswa kuimbwa, wanakwaya wakafumba midomo. Eustache akasusa. Sasa Jumamosi ni misa ya mwaka mmoja ya marehemu mkewe, Spès, na katika wimbo aliomtungia, jina lake limekaa juu ya fa.

— Wataimba “pumzika”, halafu kimya! alifoka. Mke wangu amegeuzwa shimo!

— Armel ni mujinga, Muzee, alisema Mutsinzi, ambaye kwa sauti yake nzito huitwa Besi. Fa haina kosa. Kitabu yangu inasema kila mutu iko na noti ya siku alizaliwa. Mimi ni wa Jumanne, noti yangu ni sol. Armel akanipa re, tumbo ikavuruga. Nikatoka!

— Tumbo lako lilivurugwa na maharage! alijibu Eustache.

Bruce, dereva wa tajiri mmoja wa Nyarutarama, alicheka kwa dharau.

— Hivyo vyenu ni vitabu vya watoto. Changu alinipa bosi. Noti za kweli zinapimwa kwa pembe za inyambo, wale ng’ombe wa pembe ndefu. Piano zote za dunia zimekosea. Nilimwambia Armel tulete ng’ombe kwenye mazoezi. Akakataa. Mimi pia nikatoka!

— Ng’ombe kanisani! Eustache aligonga benchi, kahawa ikamwagika. Miaka yote hiyo nimewafundisha do-re-mi, mje kuamini pembe?

— Angalau ng’ombe haiimbi kimya, sha! alisema Besi.

— Nyamaza, mpumbavu wewe! Eustache alimkemea.

Donatille, aliyehamia mtaani wiki ile kutoka Ndera, alikuwa amesimama hapo akipimiwa sukari.

— Samahani, baba. Kwa hiyo nyote watatu mmetoka?

— Sote! walijibu pamoja, kwa fahari.

— Basi Jumamosi, jina la mama litaimbwa na nani?

Besi alimtazama Bruce. Bruce akavitazama viatu vyake. Eustache alivuta pumzi ndefu ili amtukane Armel, nayo ikatoka ikiwa jina la Spès, juu ya fa.