Dada Yetu Kwanini na Sinki la Wodi ya Watoto Njiti

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa hospitali mliokuja na sare zenu kwa kuwa zamu inawasubiri, poleni sana, nami nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho, dereva mstaafu wa magari ya barua, nikisoma maelezo ambayo marehemu mwenyewe aliyapitia mwezi wa pili, akanirudishia yakiwa na wino mwekundu, akisema tarehe mbili nimekosea na sifa nimezidisha.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba akiwa mchoma matofali na mama akiwa mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, na lile jina la Kwanini, ambalo wengi mnadhani alipewa hospitalini, alilipata mwaka 1960 tulipougua surua nyumba nzima, mimi nikiwa bado nanyonya, kwa sababu yeye, aliyekuwa analala katikati ya wenzake, aliugua wa mwisho, akataka kujua imekuwaje, akamng'ang'ania muuguzi wa zahanati mpaka yule mama akasalimu amri: "Mwanangu, kazi yangu mimi ni dawa, hilo la kwa nini kawaulize waliosoma."

Naye akaenda kusoma. Aliingia sekondari ya wasichana mwaka 1965, chuo cha udaktari mwaka 1971, akahitimu tarehe 20 Novemba 1976, na barua zake za chuoni zilikuwa na mstari mmoja wa salamu na ukurasa mzima wa maswali, kwa mfano kila mmoja wetu alipokuwa mchanga alilala saa ngapi kwa siku, hata mama akaniambia niandike, "Mjibu kwamba nilikuwa nashona, sikuwa nahesabu."

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika hospitali ya watoto, lile jengo la ghorofa mbili lenye ngazi za chuma, na huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi mizani, aliyeitwa kwa sababu mizani ya wodini ilikuwa ikizidisha gramu ishirini kila asubuhi, dada akamuuliza, "Kwa hiyo asubuhi watoto wananenepa?" naye badala ya kucheka akaifungua ile mizani, akamwonyesha springi inavyobadilika kwa ubaridi wa dirishani, akaeleza kwa saa nzima, na jioni ile dada akatuambia amepata mtu anayejibu mpaka mwisho. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa binti mwaka 1983, ambaye leo ni mwalimu, na mtoto wa kiume mwaka 1986, ambaye ni fundi kama baba yake, na hao wawili watawaambia kwamba katika nyumba ile kusema "tumbo linauma" kulikuwa kazi kubwa, maana ulijibu maswali kumi na moja kabla hujapewa hata maji.

Mwaka 1987, baada ya kumaliza ubingwa wa magonjwa ya watoto wachanga, alirudi katika wodi ya watoto njiti, akagundua jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona bila kuliangalia, kwamba watoto wa upande wa mlangoni walikuwa wanapata maambukizi ya damu mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa upande wa ndani, basi kuanzia Februari 1988 akawa anaandika kila mtoto, kitanda chake, siku aliyougua na mikono iliyomhudumia, na mwezi wa tisa akasimama mbele ya mabingwa wenzake akasema ni upepo wa korido, wakampigia makofi, kikajengwa kizuizi cha mbao.

Mwezi wa kumi watoto watatu wa upande uleule wakaugua, mmoja akafariki.

Siku hiyo alikuja kwangu, akakaa bila kuvua viatu, akasema, "Nimekosea, na nimekosea huku napigiwa makofi."

Aliyemfungua macho ni mama wa usafi wa wodi ile, aliyekuwa na miaka kumi na moja kazini, ambaye alimkuta dada anakipima kile kizuizi upya kwa utepe, akamwambia, "Daktari, ile meza ya kuchanganyia dawa naikausha mara nne kwa siku, nikirudi imeloa, na simwoni anayemwaga maji." Dada akamuuliza mbona hakusema siku zote, naye akajibu, "Hukuniuliza. Una maswali kwa kila mtu, mimi hujawahi kuniuliza hata moja."

Wakamimina rangi nyekundu kwenye tundu la sinki lililokuwa kando ya ile meza, wakatandika karatasi nyeupe mezani, mama wa usafi akafungua bomba mpaka mwisho, na karatasi ikajaa vitone vyekundu hadi mahali palipokuwa panachanganyiwa dawa za watoto wa upande wa mlangoni, kisha maabara ikathibitisha kwamba vijidudu vya kwenye tundu lile ndivyo vilivyokuwa katika damu ya wagonjwa. Sinki likahamishwa, na maambukizi yaliyokuwa thelathini na moja kwa mwaka yakawa sita. Utafiti ulipochapishwa mwaka 1990 ulikuwa na majina mawili, la daktari na la mama wa usafi, na mwenyekiti wa kamati ya utafiti ya hospitali aliposema, "Hapa wanaandikwa watafiti," dada alimjibu, "Ndiyo maana nimemwandika."

Lakini jambo ambalo hakulisimulia hadharani, na ambalo aliniruhusu nilisome leo, ni kwamba daftari lake lilionyesha watoto saba waliofariki kwa maji yale, na ingawa mkuu wa hospitali alimshauri asichokonoe vidonda vya watu, aliniomba nimwendeshe, tukaenda nyumba zote saba, naye akasema kila mahali maneno yaleyale, kwamba ugonjwa wa mtoto wenu ulitoka kwetu, hatukujua, sasa tumejua. Mlango mmoja ulifungwa usoni petu, baba mmoja alishukuru na dada akalia garini kwa sababu ya shukrani hiyo, na katika nyumba ya tano mama mmoja alisema, "Miaka miwili nilijua ni maziwa yangu," akamshika dada mikono yote miwili asiiachie.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akaendelea kufundisha hadi 2019, na Agosti 2021 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara nne, akijichorea mwenyewe jedwali la uvimbe wa miguu, na wiki ya mwisho alimuuliza daktari kijana, "Pumzi zangu umezihesabu au umekisia?" yule kijana akakiri, "Nimekisia, mwalimu," naye akamwambia, "Basi kaa hapa, una dakika nzima." Alifariki tarehe 6 Mei 2023, saa kumi alasiri, mumewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopokezana kukaa na shemeji, wanafunzi wake waliotoka mbali, na mama wa usafi, ambaye miguu haimruhusu tena lakini amekuja. Na wale mliobaki wodini saa hii kwa kuwa kuna watoto kumi na saba kwenye vitanda vya joto, tunaomba mfikishiwe kwamba mmefanya sawasawa kutokuja.

Dada yangu, pumzika sasa, na amani ikae nawe.